Kalibu Moja, Boneti Kumi: Ufundi wa Faibaglasi Ukingoni mwa Ziwa Kivu

Mji wa Gisenyi, makao ya Wilaya ya Rubavu katika Jimbo la Magharibi la Rwanda, umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, bega kwa bega na mji wa Goma ulioko upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa miaka mingi mpaka unaoitenga miji hiyo miwili umekuwa ukivukwa kwa miguu na maelfu ya watu, na mgeni afikapo hapo hushangazwa na vyombo vyao vya uchukuzi. Upande wa Goma iko chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba mkaa, viazi na simenti kuteremka milima. Penyewe mpakani ziko baiskeli kubwa za magurudumu matatu ambazo wafanyabiashara wenye ulemavu wa miguu wamezitumia kuvushia bidhaa zao. Vyombo hivyo havikuletwa na meli. Viliundwa papo hapo na maseremala na wachomeleaji waliopima haja yao wenyewe, wakaijibu kwa mikono yao.

Tumeanza na mifano hiyo kwa makusudi. Yapo mambo ambayo tumezoea kuyaagiza kutoka mbali ilhali yawezekana kutengenezwa uani, mradi fundi awe na subira na nidhamu. Mojawapo ni sehemu za nje za bodi la gari: boneti, bampa, madigadi na vifuniko vyake. Leo tunakusudia kueleza jinsi zinavyotengenezwa kwa faibaglasi, na hasa jinsi ya kujenga kalibu ya kuzitolea. Aidha tutaeleza mahali ambapo kazi hii haifai kabisa, kwani askari anayejua moja bila la pili anaweza kuhatarisha roho za watu.

Haja yenyewe haihitaji hoja ndefu. Mlima Nyiragongo ulitapika lava mwezi Januari 2002 ikapita katikati ya Goma, na tarehe 22 Mei 2021 lava ilifika tena kwenye viunga vya mji huo. Mitaa mingi ya huko imelala juu ya mawe meusi yenye makali, nayo hayana huruma na bampa wala madigadi. Moshi wa mlima huo huchanganyika na mvua ukaifanya kuwa na tindikali inayokula mabati, hasa katika vijiji vya upande wa magharibi wa mlima. Vipuri navyo hupandia kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja. Zaidi ya hayo, Rwanda na Kongo huendesha magari upande wa kulia wa barabara, ilhali Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Kwa hiyo dashibodi na taa za mbele zilizotolewa katika magari makuukuu ya majirani hao hazifai kufungwa Gisenyi.

FAIBAGLASI NI NINI?

Faibaglasi ni ndoa ya vitu viwili. Cha kwanza ni nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, zilizokatwakatwa na kutandazwa kama mkeka laini mweupe. Cha pili ni resini, maji mazito yanayofanana na asali, ambayo yakitiwa dawa ya kugandisha huwa magumu kama pembe. Nyuzi peke yake hazina umbo. Resini peke yake huvunjika kama sahani. Vikishikana, nyuzi hubeba mvuto na resini huziweka nyuzi mahali pake. Ni mfano ule ule wa nondo ndani ya zege, au wa majani makavu ndani ya udongo wa ukuta.

Nyuzi za kioo zilianza kutengenezwa kwa wingi nchini Marekani katika miaka ya 1930. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia majeshi yalizipokea upesi, kwa sababu faibaglasi haizuii mawimbi ya redio. Ikatumika kufunikia rada za ndege. Mwaka 1973 Jeshi la Wanamaji la Uingereza liliingiza kazini meli HMS Wilton, manowari ya kwanza duniani iliyojengwa kwa faibaglasi. Meli hiyo ilikuwa ya kutafuta na kutegua mabomu ya baharini. Mabomu mengi ya aina hiyo huamshwa na chuma cha meli, na faibaglasi haina usumaku. Tunaomba msomaji aliweke akilini jambo hilo la usumaku, maana tutalirejea tutakapozungumza na ndugu zetu wa polisi.

WALIOTUTANGULIA

Boneti ya chuma hutengenezwa kwa mashine ya kugandamiza ambayo kalibu zake ni mapande makubwa ya chuma kigumu yaliyochongwa kwa miezi mingi na kwa fedha nyingi. Kiwanda kikubwa kinaweza kuzilipa kwa sababu kitatoa bodi laki kadhaa. Anayetaka bodi kumi, au mia, au hata elfu chache, hawezi. Hapo ndipo faibaglasi ilipojipatia nafasi.

Hata kampuni kubwa ya General Motors ililazimika kupita njia hiyo. Mwezi Januari 1953 ilionyesha New York gari la mfano liitwalo Corvette, na watu wakalitamani. Ilipofika tarehe 30 Juni mwaka huo huo, gari la kwanza la kuuzwa lilikuwa limekwisha kutoka kiwandani mjini Flint, likiwa na bodi la faibaglasi. Mwaka huo yalitengenezwa magari 300 tu, nayo yaliundwa kwa mikono. Kalibu za chuma zisingekuwa tayari kwa muda mfupi kama huo.

Uturuki nayo, ilipotaka gari la familia litakalotengenezwa nchini kwa wingi, iliunda Anadol kuanzia mwaka 1966 kwa msaada wa kampuni ya Reliant ya Uingereza. Bodi lake lilikuwa la faibaglasi. Barani Afrika, vijana wawili wa Cape Town, Bob van Niekerk na Willie Meissner, walikwenda Uingereza katikati ya miaka ya 1950 wakajifunza ufundi huu, kisha wakarudi kwao na kuanzisha utengenezaji wa gari dogo la mashindano lililoitwa GSM Dart.

Katika Afrika Mashariki, wasomaji wetu wengi wanakijua Kituo cha Teknolojia ya Magari cha Tanzania kilichoko Kibaha, mkoani Pwani, chini ya wizara inayohusika na ulinzi. Kituo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1985, kiliunda lori lililopewa jina la Nyumbu. Hatukitaji kwa sababu ya faibaglasi. Tunakitaja kwa sababu kinaonyesha kwamba karakana ya kijeshi inaweza kuwa mahali pa kuunda vitu, pamoja na kuvitengeneza vilivyoharibika.

HESABU KABLA YA KAZI

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kujenga kalibu kwa ajili ya boneti moja. Kalibu hula vifaa karibu mara mbili ya vile vinavyoliwa na boneti yenyewe, na hula siku nyingi zaidi. Kama gari ni moja na boneti imevunjika mara moja, afadhali kutafuta iliyotumika na kuinyoosha. Kalibu hulipa pale magari ya aina moja yanapokuwa mengi: mabasi madogo ya abiria ya chama kimoja, au magari ya kikosi yaliyonunuliwa pamoja. Basi afisa anayetaka kuanzisha kazi hii ahesabu kwanza magari yake.

Tuchukue mfano. Boneti yenye urefu wa mita 1.4 na upana wa mita 1.2 ina eneo la mita za mraba 1.68. Mkeka wa kawaida huwa na uzito wa gramu 450 kwa kila mita ya mraba, na tabaka moja likilowa resini hutoa unene wa milimita moja hivi. Boneti ikipewa tabaka tatu itahitaji kilo 2.3 za mkeka. Resini huhesabiwa mara mbili hadi mara mbili na nusu ya uzito wa mkeka. Yaani kwa boneti hii tutenge kilo 5.7. Dawa ya kugandisha huwa kati ya asilimia moja na mbili ya uzito wa resini, kwa hiyo gramu 57 hadi 114. Kalibu ya boneti hiyo hiyo, ikiwa na tabaka moja la mkeka wa gramu 300 na tano za gramu 450, itakula kilo 4.3 za mkeka na karibu kilo 11 za resini. Juu ya hayo kuna jelikoti, nta na mbao za kuishikilia. Anayeona hesabu hii ni mzigo asianze, kwa maana vifaa vikipungua katikati ya tabaka hakuna njia ya kuiokoa kazi.

KITU CHA MFANO

Kalibu hujengwa juu ya kitu cha mfano, yaani umbo lenyewe linalotakiwa kunakiliwa. Njia nyepesi ni kutumia boneti nzima ya chuma kutoka gari lisilo na hitilafu. Kama iliyopo imebonyea, hapana budi inyooshwe, ijazwe puti, ipigwe msasa na kupakwa rangi mpaka iwe kama mpya. Hapa ndipo wengi wanapochoka mapema. Hufikiri kwamba kasoro ndogo itarekebishwa baadaye kwenye boneti. Wanasahau kwamba kalibu haina huruma: itanakili mkwaruzo, punje ya vumbi na alama ya kidole, kisha itavirudia katika kila boneti itakayotoka. Saa moja ya msasa kwenye kitu cha mfano huokoa saa moja ya msasa kwenye boneti ya kwanza, na ya pili, na ya kumi.

Msasa uanze wa namba 400, uendelee hadi 1200 au zaidi, ukitumiwa pamoja na maji. Kisha ipakwe nta maalumu ya kalibu. Kwa kalibu mpya tunashauri mipako isiyopungua sita, kila mmoja ukaushwe na kusuguliwa kabla ya unaofuata. Juu ya nta hunyunyizwa utando mwembamba unaoyeyuka katika maji, ili resini isishikane na rangi. Anayeruka mpako mmoja kwa haraka huenda akaikuta kalibu imegandamana na kitu cha mfano, na akavipoteza vyote viwili.

Kabla ya kupaka chochote, fundi alizunguke umbo na kujiuliza: kalibu itatokaje? Boneti iliyo bapa hutoka kwa kuinuliwa. Bampa lenye ncha zilizojikunja kwa ndani halitatoka kamwe katika kalibu ya kipande kimoja. Litahitaji kalibu ya vipande viwili au vitatu, vyenye kingo pana zilizotobolewa na kufungwa kwa bolti. Kingo hizo hutengenezwa kwa kusimamisha ubao mwembamba au plaiwudi juu ya kitu cha mfano, ukitiwa nta pia, na pengo la chini kuzibwa kwa udongo laini wa kufinyangia. Upande wa kwanza ukiganda, ubao huondolewa na upande wa pili hujengwa ukiegemea ukingo wa kwanza.

KUJENGA KALIBU

Tabaka la kwanza ni jelikoti, resini nzito isiyo na nyuzi, ambayo ndiyo itakayokuwa uso wa kalibu. Hupakwa kwa unene wa nusu milimita hivi, sawasawa kila mahali. Ikiwa nyembamba mno, resini inayofuata itaipenya na kuikunjakunja kama ngozi ya tembo. Jelikoti huachwa mpaka inate kidole bila kukichafua. Hapo ndipo mkeka mwepesi wa gramu 300 huwekwa na kuloweshwa kwa brashi, kwa kupigapiga badala ya kusugua, kisha hupitishwa rola ya chuma yenye mifereji ili kutoa hewa. Povu dogo lililobaki chini ya jelikoti leo litapasuka siku kalibu itakapokuwa kazini.

Tabaka hilo la kwanza liachwe ligande. Zinazofuata ziwekwe mbili mbili, bila kuzidi tatu kwa mkupuo. Sababu ni hii: resini inapoganda hutoa joto. Fundi mwenye haraka akiweka tabaka sita kwa pamoja, joto hilo huikunja kalibu, na kalibu iliyokunjwa hainyooki tena. Mwishoni hubandikwa mgongoni fremu ya mbao au ya mabomba ya chuma, baada ya tabaka zote kuganda na kupoa, ili kalibu isipinde itakapohifadhiwa.

Hali ya hewa ya Gisenyi ina masharti yake. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana huwa na joto la wastani linaloifaa kazi hii, lakini usiku huwa na ubaridi. Resini hupenda nyuzi kati ya 18 na 25 za Selsiasi. Chini ya 15 huweza kubaki laini siku nyingi, na nguvu yake isitimie. Kwa hiyo kazi ya kupaka ianze saa nne asubuhi na imalizike mapema alasiri. Katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, mikeka ihifadhiwe ndani ya mifuko iliyofungwa, kwani nyuzi zilizopata unyevu hugeuka weupe ndani ya resini na kukosa nguvu.

Kalibu ikaliwe kwa siku kadhaa juu ya kitu cha mfano kabla ya kutolewa. Kuitoa ni kazi ya kabari za plastiki au za mbao laini, zinazoingizwa ukingoni kidogo kidogo kuzunguka pande zote. Maji yakimiminwa kwenye upenyo, huyeyusha utando na kuisaidia kazi. Bisibisi na nyundo vibaki sandukuni.

KUTOA BONETI

Mwenye kalibu nzuri amekwisha kupita sehemu ngumu. Kalibu hupakwa nta, hupakwa jelikoti, hulazwa mikeka mitatu, na siku inayofuata boneti hutoka. Lakini boneti tupu ya milimita tatu hulegea kama karatasi. Hapana budi iongezwe mbavu kwa chini: vipande vya povu gumu au vya bomba la karatasi vilivyofunikwa kwa mkeka na resini. Mahali pa bawaba na pa komeo hapatoshi kuongezwa mkeka peke yake. Hupachikwa bamba la chuma ndani ya tabaka, ili bolti isishike nyuzi pekee.

Tunalisisitiza hili kwa sababu barabara ya kutoka Musanze kuingia Gisenyi huteremka milima yenye kona na ukungu. Boneti ikichomoka kwenye komeo katika mteremko kama huo, upepo huitupa juu ya kioo cha mbele, na dereva hubaki kipofu na abiria wake nyuma. Mchana kutwa wa kazi ya kufunga bamba mbili za chuma ndio unaotenganisha ufundi na mauaji. Boneti mpya ijaribiwe kwanza kwa mwendo mdogo, na ikiwezekana iongezewe komeo la pili la nje, kama wafanyavyo waendesha magari ya mashindano.

ADUI NDANI YA UA

Kazi ya nyumbani ina hatari kuliko ya kiwandani, kwa maana nyumbani kuna watoto, kuna jiko la mkaa na kuna uzembe wa mazoea. Resini ina stairini, kimiminika chenye harufu kali ambacho mvuke wake huweza kuwaka moto hewa ikifikia nyuzi joto 31 hivi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kulifuata jiko lililoko upande wa pili wa ua. Mwaka 2018 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliiweka stairini katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Basi kazi ifanyike mahali penye upepo, fundi avae barakoa yenye vichujio vya mvuke, na moto wowote uwe mbali. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia vumbi kubwa tu, mvuke hukipita.

Dawa ya kugandisha ni peroksaidi. Tone moja likiingia jichoni laweza kuua jicho. Miwani ya kinga ivaliwe kabla ya kufungua chupa, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Likitokea la kutokea, jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi, kwa muda usiopungua dakika 15, na majeruhi akimbizwe hospitalini. Resini nyingine huuzwa bila kichapuzi, na fundi hulazimika kukitia mwenyewe. Mara nyingi ni kobalti. Kichapuzi na peroksaidi visikutane kamwe vikiwa vitupu, kwa kuwa vikichanganywa hulipuka. Kimoja kichanganywe kwanza na resini mpaka kipotee ndani yake, ndipo cha pili kifuate.

Resini iliyobaki ndooni baada ya kutiwa dawa huchemka na kufuka moshi. Isitupwe pipani wala isiachwe ndani ya nyumba. Iwekwe nje, mbali na vitu vinavyoungua, mpaka ipoe. Wala isimwagwe ziwani. Ziwa Kivu ndilo linalowapa watu wa Gisenyi isambaza zao, na samaki hao hawakuomba kulishwa resini. Wakati wa kupiga msasa, vumbi la kioo huingia kwenye ngozi na mapafu. Maji juu ya msasa hulituliza.

SUMAKU MFUKONI MWA ASKARI

Sasa tuwageukie polisi wa barabarani. Faibaglasi inayofunika boneti ni ufundi. Faibaglasi inayofunika kutu ya chesisi ni udanganyifu, na ndio ambao tunawaomba wauwinde. Wapo mafundi wanaotandika mkeka na resini juu ya chuma kilichooza, wakapiga puti na rangi, na gari likapendeza machoni. Siku ya ajali nguzo ya mlango hukunjika kama bua, kwa kuwa resini haikurudisha nguvu ya chuma kilichokwisha kuliwa.

Kipimo chake ni rahisi. Sumaku ndogo iliyozungushiwa kitambaa, ili isikwaruze rangi, hushika chuma na kukataa faibaglasi na puti nene. Sumaku ikikataa kwenye boneti au bampa, askari asikimbilie kuandika kosa. Sehemu hizo zinaweza kuwa za faibaglasi, za plastiki au za alumini kihalali, na kinachofaa kukaguliwa ni bawaba, komeo na bolti zake. Sumaku ikikataa kwenye nguzo za milango, vizingiti vya chini, chesisi, au mahali panapofungiwa mikanda ya usalama, basi hapo pana neno. Gari liinuliwe, liangaliwe kwa chini, na mwenyewe aulizwe.

Kadhalika itazamwe nyuma ya bampa. Bampa la nje ni ngozi tu. Nyuma yake gari la kisasa lina boriti ya kupokea kishindo. Fundi asiyejua huiondoa ili bampa lake jipya likae vizuri, na kwa kufanya hivyo huwapokonya abiria kinga yao. Na faibaglasi iliyovunjika isiachwe ikining'inia barabarani, maana kingo zake hukata kama kisu, na wanaopita karibu na magari ya Gisenyi wengi wao ni watembea kwa miguu waliobeba mizigo kichwani.

TUANZE NA KIDOGO

Tumeeleza mengi, lakini hatumshauri mtu kuanza na boneti. Aanze na kitu cha ukubwa wa sahani: kifuniko cha betri, au kasha la vifaa. Achukue kipande cha mkeka cha sentimita 30 kwa 30, akipime, apime resini yake, atie dawa kwa hesabu, aandike saa aliyochanganya na saa iliyoganda. Kipande kikikauka akipinde mpaka kivunjike, aangalie ndani kama kuna povu au weupe. Majaribio matatu au manne ya namna hiyo, yaliyoandikwa katika daftari, humfundisha mtu resini yake na hali ya hewa ya ua wake kuliko maneno yetu.

Askari wengi hustaafu wakiwa na nguvu na nidhamu, ila hawana kazi ya mikono. Ufundi huu unawafaa, kwa sababu unadai yale yale waliyofundishwa: kupima kabla ya kutenda, kufuata utaratibu bila kuruka hatua, kulinda walio karibu, na kutokubali kasoro ndogo ipite kwa matumaini kwamba haitaonekana. Kwenye kalibu kasoro hiyo haifichiki. Itatoka katika boneti ya kwanza, itatoka katika ya kumi, na kila moja itakwenda barabarani na watu nyuma yake.